Rada Haioni Kila Paa

Mwaka 2016 Kituo cha Anga cha Ujerumani (DLR) kilitoa ramani ya makazi ya dunia nzima, iliyotokana na picha za rada za setilaiti TerraSAR-X na TanDEM-X, nyingi zikiwa za miaka 2011 na 2012. Rada hupenya mawingu, na hufanya kazi usiku na mchana. Kuta za majengo huyarudisha mawimbi yake kwa nguvu. Shamba tambarare huyarudisha kwa unyonge. Lakini nyumba ya udongo na makuti, iliyo peke yake, huweza kukosekana. Asiyeonekana ramanini huenda asihesabiwe zahanati na visima vinapopangwa. Kwa hiyo hatuna budi kuihakiki ramani hiyo kwa miguu, na shule zetu za sekondari zafaa kuianza kazi hiyo.