TUIGE WAKARA: ARDHI YA KIJIJI HAIONGEZEKI



Mkutano wa kijiji unakuja, na jambo kubwa litakalozungumzwa ni mashamba yetu ya luseni yaliyochoka. Wapo wanaosema hivi: shamba likishachoka, bora mwenyewe awakodishe wachimbaji wafukue maduara, apate chake mapema. Sisi tunaoandika gazeti hili la ukutani tunasema hapana. Dawa ya shamba lililochoka ni samadi, siyo shimo. Na mfano wa jambo hili hatuendi kuutafuta Ulaya. Uko hapa hapa ziwani, kisiwani Ukara.

Ukara ni kisiwa kidogo kaskazini ya Ukerewe. Eneo lake halifiki kilometa za mraba 100. Wengi walilisikia jina lake Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na Bwisya na watu zaidi ya 200 wakafa. Lakini mkulima anayo sababu nyingine ya kukifahamu kisiwa hicho. Udongo wake ni mchanga wenye mawe, kama luseni yetu, na watu wake ni wengi tangu zamani. Ungetegemea ardhi ile iwe imekufa siku nyingi. Haikufa. Mwaka 1936 mabwana shamba wa serikali ya Kiingereza walikuwa tayari wanaandika habari za kilimo cha Wakara.

Walifanyaje? Kwanza, ng'ombe hawakuachwa wazurure. Walifungwa ndani, katika shimo, wakaletewa nyasi na majani ya miti, na samadi ikakusanyika humo humo. Kisha ikabebwa kichwani kwa vikapu mpaka shambani, mwaka baada ya mwaka. Pili, uwele ukishaota walipanda marejea katikati yake. Marejea yakafukiwa yaoze, yawe chakula cha udongo. Baadaye ikaja zamu ya njugu mawe. Tatu, penye mtelemko walijenga kuta za mawe ili mvua isiuchukue udongo. Shamba alilolima babu, baba akalilima, na mtoto akalilima.

Sasa sikilizeni jambo hili. Wakara wengi walihamia bara, hata huku kwetu Geita. Walipofika wakakuta pori tele, wakaiacha kazi ile ngumu ya samadi. Hawakugeuka wavivu. Kwani nani atabeba kikapu cha samadi kichwani na hali pori jipya liko ng'ambo ya mto? Fundisho ndilo hilo. Mtu huitunza ardhi anapojua kwamba hakuna nyingine. Mkara aliyebaki kisiwani aliona maji pande zote, akajua.

Na sisi tuko wapi? Wazee wengi wa Geita walihamia huku kutoka Usukuma ya mashariki na Ukerewe katika miaka ya 1940 na 1950, wakati mapori yalipofunguliwa na mbung'o wakafukuzwa. Ardhi ilikuwa ya kujichagulia. Leo tazameni. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kazi mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na wachimbaji wadogo wanajaa kila panapovuma habari ya dhahabu. Huku hifadhi ya msitu, huku ziwa, na katikati watoto wetu wanaongezeka kila mwaka. Jamani, ng'ambo ya mto hakuna pori tena. Kijiji chetu nacho ni kisiwa.

Tunajua maduara yanalipa. Vijana wa kijiji hiki wamejenga nyumba za bati kwa fedha ya dhahabu, na hatuwasemi vibaya. Kijana akienda kuchimba mahali palipotengwa, mwenye leseni, hiyo ni kazi kama kazi nyingine. Lakini duara lililofukuliwa katikati ya shamba hulipa mara moja tu. Dhahabu ikikata, wachimbaji wanafuata rashi nyingine, na mwenye shamba anabaki na shimo la kutumbukia ng'ombe na mtoto. Udongo wa juu umezikwa chini, udongo mfu umewekwa juu. Na penye kuoshea dhahabu ipo zebaki, ambayo haiozi. Inaingia mtoni, inafika ziwani, inaingia katika samaki tunayemrudisha sahanini. Shamba la muhogo, hata liwe dogo namna gani, litakulisha mwakani na mwaka utakaofuata.

Wazee wengine watasema: habari za samadi na matuta tulizisikia kwa Mwingereza, hatuzitaki. Ni kweli, zamani zile watu wa Usukuma walilazimishwa kilimo kwa amri. Uchungu wa amri zile ulikuwemo mioyoni watu wa Geita walipoandamana mwaka 1958 kulipinga baraza la wilaya la mchanganyiko. Lakini kilichokataliwa ni kulazimishwa, siyo samadi. Mkara hakupigwa faini na mtu ili abebe kikapu chake. Na wazee hao hao walipochoka kupunjwa kwenye mizani ya pamba walijiamulia wenyewe. Waliunda vyama vyao, vikaungana mwaka 1955 kuwa VFCU. Jambo la kuamua wenyewe tunaliweza.

Anayesema kwamba ardhi ikishaharibika haifufuki, na awatazame wenzetu wa Shinyanga. Miti yao ilikatwa kwa ajili ya mbung'o, mashamba ya pamba na kuni, mpaka watu wakaita kule jangwa. Mwaka 1986 mradi wa HASHI ulianza, na vijiji vikarudia desturi ya Kisukuma ya ngitili, yaani kufunga malisho mpaka kiangazi kikali. Nyasi na miti ikarudi katika eneo la maelfu kwa maelfu ya hekta. Mwaka 2002 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Ni mikono ya wanakijiji kama sisi.

Basi tunaomba mkutano ukubali mambo matatu:

1. Samadi isikae zizini ikiliwa na mvua. Mwenye ng'ombe wengi na jirani asiye na ng'ombe wapatane: huyu atoe samadi, yule atoe nguvu ya kuisomba. Mikokoteni ya chama isaidie kabla plau hazijaingia shambani.

2. Chama kitenge fedha ya mbegu ya marejea, tuanze na shamba moja la mfano kila kitongoji. Mbegu hizo mifugo wasipewe kula kabla bwana shamba hajatuelekeza.

3. Asiwepo mtu wa kukodisha shamba kwa wachimbaji kimya kimya usiku. Kwa sheria ya mwaka 1999 ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba yetu sote. Jambo hilo lisikilizwe mkutanoni, na anayechimba afunge ahadi mbele ya watu kwamba udongo wa juu atauweka kando na shimo atalifukia.

Wapo watakaosema tunamwingilia mtu katika mali yake. Hebu wafikiri. Maji ya kisima cha jirani, ng'ombe wa jirani, na mtoto wa jirani anayepita usiku, vyote viko karibu na shimo hilo. Shimo la mtu mmoja huwa la kijiji kizima.

Mwenye hoja ya kupinga aiandike, nayo tutaibandika hapa hapa. Asiyejua kuandika amwambie karani wa chama. Siku ya mkutano tujitokeze wote, akina mama kwa akina baba, maana jembe analishika mama kuliko mtu mwingine yeyote.

Ushirika ni nguvu!