Vimelea Havizoei Dawa

Mara nyingi twasikia katika somo la sayansi kwamba vimelea vya malaria "vimezoea" dawa. Neno hilo twalikataa. Mtoto hudhani kimelea hujifunza, au mwili wake ndio uliozoea.

Watakaofundisha Karagwe na Kyerwa wana sababu kubwa zaidi ya kusema sawasawa. Mwaka 2022 uchunguzi wa wagonjwa wilayani Karagwe ulionyesha vimelea vyenye badiliko liitwalo R561H, ambavyo huchelewa kutoweka katika damu baada ya dawa mseto. Wagonjwa karibu wote walipona. Hilo lisisahauliwe, maana mtoto akirudi nyumbani na habari kwamba dawa haifai kitu, tumemdhuru.

Badiliko hutoka wapi? Kimelea kimoja ndani ya chembe nyekundu ya damu huzaa 16 hadi 32 kwa saa 48 hivi, nacho hakina budi kunakili vinasaba vyake tena na tena. Kina vimeng'enya vya kurekebisha makosa ya kunakili, lakini machache hupenya.

Hata darasa la tano laweza kulitenda jambo hili. Mwalimu aandike: "Baba anapanda kahawa." Makundi yainakili ubaoni kwa haraka na kwa kupokezana, kila kundi na msahihishaji wake. Huenda mahali fulani ikatokea: "Baba anapenda kahawa." (Watacheka, na wacheke.) Kisha kifutio, ambacho ndicho dawa, kifute sentensi nyingine zote, na iliyobaki inakiliwe upya. Mwalimu aulize: je, kosa lililetwa na kifutio, au lilikuwapo kabla hakijafika?