Mama Badala ya Profesa: Usawiri wa Mwanasayansi wa Kike katika Matangazo na Vyombo vya Habari

Jina la Kiandutu, mtaa wa mabanda ulio pembezoni mwa mji wa Thika, limetokana na ndutu, neno la Kikuyu lenye maana ya funza. Ni nadra makazi ya watu kupewa jina la kimelea. Hata hivyo jina hilo lina faida kwa mhakiki: linamkumbusha kwamba Kiandutu, kabla ya kuwa mada ya huruma, ni mada ya elimu ya viumbe. Funza ana mzunguko wake wa maisha, ana udongo anaoupenda, na ni jike lake linalojichimbia ndani ya ngozi na kutaga likiwa humo. Ajuaye mambo hayo ana silaha. Lakini ajuaye akiwa mwanamke, naye akafikishwa kwa umma kupitia gazeti, filamu au bango, hunyang'anywa silaha hiyo na kuvishwa sifa nyingine: moyo mwema.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba sifa na matusi anayopewa mwanasayansi wa kike wa Afrika Mashariki hutoka katika chungu kimoja. Anayemtukana humhukumu kwa uke wake, na anayemsifu humtukuza kwa uke huohuo. Kazi yake ya kisayansi haiguswi na yeyote kati yao.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Wangari Maathai. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kuifikia daraja hiyo. Utafiti wake ulihusu ukuaji wa viungo vya uzazi vya ng'ombe, na mwaka 1976 akawa mkuu wa Idara ya Anatomia ya Mifugo. Baadaye aliwachunguza kupe wanaoeneza ndigana kali, kazi iliyomtoa maabara na kumpeleka mashambani kuwakusanya kupe hao kutoka masikioni mwa ng'ombe. Huko, kama anavyosimulia katika tawasifu yake, Unbowed (2006), aliona ng'ombe waliokonda, nyasi zilizokwisha na mito iliyogeuka rangi ya udongo baada ya mvua. Akafikia uamuzi kwamba mifugo ilitishiwa na kuharibika kwa mazingira kuliko ilivyotishiwa na kupe. Malalamiko ya wanawake wa vijijini kuhusu kuni na maji, aliyoyasikia kupitia Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, yalikuja kukutana na ushahidi uliokwisha kukusanywa. Harakati za Ukanda wa Kijani zilizoanza 1977 zilitokana na mkutano huo wa ushuhuda na vipimo.

Katika masimulizi yaliyoenea nusu moja ya mkutano huo imefutwa. Kupe hawamo. Anayebaki ni mwanamke mwenye upendo, mche mkononi, kilemba kichwani, tabasamu usoni. Mfano wa kutajika ni kitabu cha watoto cha Donna Jo Napoli kilichochapishwa Marekani mwaka 2010, kikiwa na michoro ya Kadir Nelson. Kitabu ni cha Kiingereza lakini anwani yake ni ya Kiswahili: Mama Miti. Kimejengwa kwa muundo wa ngano. Wanawake wanamjia Wangari mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na shida yake, naye anamtajia kila mmoja mti unaomfaa. Michoro ni mizuri, hilo halikataliki. Lakini maarifa yaliyotafutwa kwa miaka mingi darasani, maabara na malishoni yamegeuzwa busara ya bibi kizee wa hadithini, kana kwamba yalimwotea kichwani pamoja na nywele.

Matusi nayo hayakuchukua njia tofauti. Mwaka 1989 Maathai alipopinga jengo la orofa 60 katika Bustani ya Uhuru, hoja yake ilikuwa ya matumizi ya ardhi ya umma na ya deni. Jengo lenyewe (kinaya hiki kisipite hivihivi) lilikuwa la shirika la habari, Kenya Times Media Trust, lililomilikiwa na chama tawala kwa ubia na Robert Maxwell. Bungeni alijibiwa kwamba kundi lake ni la wanawake walioachika. Rais Moi akamkumbusha kwamba mwanamke wa mila ya Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Miaka kumi nyuma, ndoa yake ilipovunjwa mahakamani na mumewe kumtaka aache kutumia jina lake, alilinyoosha jina hilo kwa kuliongezea herufi moja, a, ili liwe lake. Mtaliki wa mwaka 1989 na Mama wa mwaka 2010 ni wahusika wawili walioandikwa kwa kalamu moja.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii imeazimwa Ulaya. Kwamba kwa Mwafrika neno mama ni heshima, wala si kudunishwa. Pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo huko Ulaya wanakodhania hoja imetoka, mizani haikuwa sawa pia: Mary Leakey ndiye aliyeliona fuvu la Olduvai tarehe 17 Julai 1959, na makala ya National Geographic ya mwaka uliofuata ikatoka kwa jina la mumewe. Na fasihi ya Kiswahili yenyewe ilikwisha kulishuku neno hilo. Katika tamthilia yake Nguzo Mama (1982), Penina Muhando aliwaonyesha wanawake wakihangaika kuisimamisha nguzo yenye jina hilo, nayo ikawashinda. Mama ni heshima pale linapoongezwa juu ya Profesa. Linapochukua nafasi ya Profesa huwa ni unyang'anyi wenye adabu.

Njia rahisi ya kuupima usawiri wa aina hii ni kuvitazama vitenzi. Mwanasayansi wa kike wa mabango hupanda, hulea, hutetea, huota ndoto, huguswa. Ni mara chache hupima, hukosea, hurudia, hukanusha. Sayansi imo katika vitenzi hivi vya pili.

Hasara yake haiishii kwenye heshima ya mtu mmoja. Florence Wambugu, mtaalamu wa virusi vya mimea, alikwenda Marekani mwaka 1991 kushiriki katika utafiti wa kampuni ya Monsanto wa kiazi kitamu chenye kinga dhidi ya virusi. Desemba 2002 jarida la Forbes lilimweka katika orodha ya watu 15 watakaoubuni upya mustakabali. Kisa cha mama yake aliyemuuza ng'ombe wa pekee wa familia ili binti asome kilisimuliwa tena na tena. Ni kisa cha kusisimua, na hakina uhusiano wowote na virusi. Mwaka 2004 ikaripotiwa kwamba katika mashamba ya majaribio kiazi hicho hakikuonyesha kinga iliyotarajiwa. Majaribio hushindwa; ndiyo maana huitwa majaribio. Lakini umma uliokuwa umepewa ng'ombe badala ya takwimu haukuwa na namna ya kulipokea tokeo hilo kama tokeo la kisayansi. Baadhi ya wapinzani walimchora kibaraka wa kampuni, watetezi wakamchora binti wa mkulima, na kiazi kikabaki shambani bila msomaji.

Wahakiki wa Kiswahili wamekuwa hodari wa kumhesabu mke mtiifu, malaya na mjane katika riwaya. Bango hawalisomi, wala kitabu cha watoto, wala makala ya gazeti ya kumsifu mtafiti, ilhali hizo ndizo matini zinazowafikia wasomaji wengi kabla ya riwaya yoyote. Thika ina taasisi ya utafiti wa mazao ya bustani, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kiko Juja, kati yake na Ruiru. Mwanamke anayefanya kazi katika maabara ya karibu hivyo bado hufikishwa kwa msichana wa Kiandutu akiwa na tabasamu na mche. Msichana huyo huenda ana mama tayari. Hajaonyeshwa mwanamke aliyeinama juu ya sikio la ng'ombe, akihesabu kupe.