Tusihesabu Vidonge Tu, Tuhesabu na Mayai

Kila mara watoto wa shule wanapogawiwa dawa za minyoo na kichocho, taarifa hutolewa kueleza ni watoto wangapi waliomeza vidonge. Taarifa hizo ni njema, na wanaoifanya kazi hiyo wanastahili pongezi. Lakini kumeza dawa ni jambo moja na kupona ni jambo jingine. Sisi tunaamini kwamba wananchi wa Moshi, wa mlimani na wa tambarare, hawana budi kuuliza swali la pili: je, minyoo wamepungua kwa kiasi gani?

Jibu la swali hilo halipatikani kwa kutazama matumbo ya watoto. Hupatikana katika choo, tena kwa kuhesabu. Mtaalamu wa maabara huchukua choo kidogo kilichochujwa, hukijaza katika tundu la kibao lenye kipimo cha miligramu 41.7, hukifunika kwa selofani iliyolowekwa katika gliserini, kisha huhesabu kwa hadubini mayai yote anayoyaona. Hesabu hiyo huizidisha mara 24 ili apate idadi ya mayai katika gramu moja. Njia hii ilielezwa na Kato wa Japani mwaka 1954, ikarekebishwa na Katz na wenzake wa Brazili mwaka 1972. Haihitaji mitambo ya fedha nyingi. Inahitaji hadubini, mtu aliyefunzwa na uaminifu.

Kwa nini tuhesabu? Kwa sababu madhara ya minyoo hutegemea wingi wao. Katika maabara nyingi mgonjwa hupewa jibu fupi tu: mayai yameonekana, au hayakuonekana. Watoto wawili waweza kupewa jibu hilo moja, ilhali mmoja ana minyoo wachache wa safura asiowahisi, na mwenziwe ana mamia wanaomnyonya damu hata akawa hana nguvu ya kusoma. Hao si wagonjwa walio sawa.

Tena hesabu hutaka ufahamu. Mayai 20 kwenye kioo ni mayai 480 kwa gramu. Yakiwa ya kichocho cha tumbo, Shirika la Afya Duniani huyahesabu maambukizo hayo kuwa mazito, kwa kuwa uzito huanzia mayai 400. Yakiwa ya minyoo wakubwa wa mviringo, ni maambukizo mepesi, kwa kuwa wepesi huendelea hadi karibu mayai 5,000. Jike mmoja wa minyoo hao hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku.

Kazi hii si ngeni kwetu. Katika mashamba ya miwa ya Arusha Chini, utafiti uliochapishwa mwaka 1972 juu ya udhibiti wa kichocho haukuishia kutaja idadi ya walioambukizwa. Ulipima pia uzito wa maambukizo. Miaka 15 baadaye, mwaka 1987, mifereji ya umwagiliaji ya Moshi Chini ilikamilika kwa msaada wa Japani, na mpunga ukastawi Mabogini na Chekereni. Ni neema kubwa. Lakini maji ya mifereji huweza pia kuwa makazi ya konokono wanaoeneza kichocho. Huko mlimani nako, udongo wenye unyevu na kivuli cha migomba huwafaa minyoo wa safura na mayai ya minyoo wa mviringo.

Hatusemi kwamba kipimo hiki hakina kasoro. Mayai ya safura huyeyuka ndani ya gliserini, na kioo kisiposomwa ndani ya saa moja, mgonjwa huonekana mzima. Aidha, choo kinachopimwa ni kidogo mno, hivyo maambukizo mepesi hupita bila kuonekana. Ndiyo sababu inafaa kusoma vioo viwili badala ya kimoja. Jibu la “hayakuonekana” lisichukuliwe kuwa hati ya uzima.

Hata hivyo, bila hesabu tutajuaje kama dawa bado inafanya kazi? Wafugaji wa mbuzi na kondoo wamekwisha kuonja uchungu wa minyoo waliozoea dawa. Kwa binadamu, njia ya kulinda ni kuhesabu mayai kabla ya tiba na wiki mbili au tatu baada yake, kisha kulinganisha. Tena lengo la dunia la mwaka 2030 ni kwamba maambukizo ya wastani na mazito yashuke chini ya asilimia 2. Taifa lisilohesabu mayai haliwezi kujua kama limelifikia lengo hilo.

Jambo hili lina uzito zaidi tangu mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake mingi ya afya, ikiwamo ya kupambana na magonjwa haya. Fedha zikiwa chache, ni lazima dawa ipelekwe kule inakohitajiwa zaidi, na hesabu ndiyo inayotuonyesha mahali hapo.

Kwa hiyo tunazishauri halmashauri za Moshi kuteua shule chache, za mlimani na za kwenye mashamba ya mpunga, zipimwe kwa hesabu kila mwaka na matokeo yasomwe mbele ya wazazi. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina wataalamu wa kutoa mafunzo hayo. Wazazi nao wasione haya kutoa choo cha watoto wao kipimwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwisho, hesabu peke yake haiui mnyoo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi wapatao milioni mbili kujifunza, na vijiji vikachimba vyoo kwa mikono yao. Shule isiyo na choo safi na maji ya kunawia itagawa vidonge mwaka huu, na mwaka ujao itagawa tena kwa watoto wale wale. Tuchimbe vyoo, tugawe dawa, kisha tuhesabu mayai, ili tujue ukweli wa kazi yetu.