Tutazame Ua Kwanza, Keki Baadaye

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo, mwanafunzi anayejifunza kupamba keki aghalabu hupewa picha ya keki iliyopambwa na mtu mwingine, akaagizwa aiige. Anachojifunza ni mkono wa mpambaji yule, wala si ua lenyewe.

Chukua mfano wa lailaki, kichaka chenye maua ya kunukia ambacho wapambaji wa keki wa Ulaya na Marekani wanakipenda mno. Katika bustani ya Highland Park mjini Rochester, Marekani, John Dunbar alianza na aina 20 mwaka wa 1892. Leo zimepita 500, na kila Mei watu humiminika kuzitazama. Wataalamu huzigawa rangi zake katika makundi 7. Aina iitwayo ‘Sensation’ ina petali za zambarau zenye ukingo mweupe. ‘Krasavitsa Moskvy’ ya Urusi ina vitumba vya waridi vinavyochanua na kuwa karibu vyeupe.

Aliyeyatazama maua hayo hakorogi aisingi ya rangi moja. Ameona kwamba kwa kawaida kiua kina petali 4, na kwamba vitumba huwa na rangi nzito kuliko maua yaliyochanua. Hivyo basi, hutia rangi nzito na hafifu katika mfuko mmoja wa kukamulia, na shada lake likaonekana hai.

Nikiwa mwanaisimu, naongeza suala la lugha. Jina lailaki lina asili ya Kiajemi, katika neno lenye udugu na nili, neno ambalo nasi tunalo katika Kiswahili. Zambarau ni tunda kabla ya kuwa rangi. Manjano ni kiungo cha mchuzi. Kijani chatokana na jani. Waliozipa rangi majina walitazama kwanza. Mwanafunzi anayeziita rangi hizi zote zambarau atakoroga zambarau moja tu.

Yamkini wapo watakaosema kwamba mteja hutaka keki kama ile ya pichani. Ni kweli, lakini anayejua kuiga tu hushindana na maelfu wanaoiga picha iyo hiyo, na silaha yake pekee ni kupunguza bei. Anayejua kutazama ana bidhaa ambayo wengine hawana.

Lailaki huhitaji majira ya baridi kali, kwa hiyo haitufai hapa. Nairobi, hata hivyo, ina mijakaranda. Ingawa asili yake ni Amerika Kusini, maua yake hutanda barabarani kila ifikapo Oktoba. Walimu, watoeni wanafunzi nje na daftari zao. Waandike kila rangi waionayo, na wasiporuhusiwa kutumia neno zambarau zaidi ya mara moja, watalazimika kutazama. Kisha ndipo washike mfuko wa aisingi.