Meza ya Kupimia Programu Ipangwe Kama Maabara

Mwanafunzi wa fizikia anayechunguza pendulumu hubadili urefu wa uzi peke yake. Mambo mengine yote huyaacha kama yalivyo. Asipofanya hivyo, jibu lake halina maana hata kama hesabu zake ni sahihi. Kanuni hiyo yapasa kutawala pia upimaji wa programu za kompyuta, lakini mara nyingi husahauliwa.

Siku hizi programu nyingi hupimwa na programu nyingine. Chombo kama Selenium, kilichoanzishwa Chicago mwaka 2004, huweza kufungua ukurasa, kuandika jina, kubonyeza kitufe na kulinganisha jibu na lile lililotazamiwa, usiku kucha bila msimamizi. Hata hivyo, mashine haina busara ya mtu. Kioo cha kompyuta kikijifunga kwa kutoguswa, au tangazo likijitokeza na kufunika kitufe, mtu angeliondoa akaendelea. Mashine hukwama, kisha hutoa taarifa kwamba programu ina kosa.

Wako wanaodhani kwamba dawa ni kurudia jaribio mpaka lifaulu. Rai hiyo ni ya hatari. Wahenga walisema kuwa mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ikilia kila usiku bila jambo, wanakijiji hawatatoka. Na siku kosa la kweli litakapoingia katika hesabu ya mishahara au ya vipimo vya dawa, taarifa yake itatupwa pamoja na zile za uongo.

Dawa ya kweli ni kuitengeneza meza kwanza. Kompyuta ya majaribio isifanyiwe kazi nyingine. Ukubwa wa picha uwekwe mmoja, kwa mfano nukta 1920 kwa 1080, lugha na saa zisibadilike, kioo kisijifunge, matoleo mapya ya programu yaingizwe kwa siku iliyopangwa. Bora zaidi, hali hiyo yote ihifadhiwe kama nakala, irudishwe kabla ya kila jaribio, ili mabaki ya jana yasiharibu jibu la leo. Tena, programu ya kupimia isingoje kwa sekunde za kukisia, bali mpaka kitufe kiwe tayari.

Itasemwa kwamba kompyuta za watumiaji hazifanani. Ni kweli, basi tofauti hizo nazo zipimwe kwa makusudi, moja baada ya nyingine, kama urefu wa uzi. Jaribio lisiloweza kurudiwa si ushahidi.