Moduli moja tu, na uijue jina

Hii ni ya wale wa Linux, lakini watu wa gemu msikimbie, nitawafikia.

Juzi nilikuwa nafanya laivu ya ruracio huko Kiambu. Laptopu yangu ni ex-UK, betri ilishakufa kitambo, inaishi kwa waya. Kamera ni simu yangu kwa stendi: scrcpy inavuta picha ya simu na kuimwaga kwa kamera ya bandia, halafu watu wa familia walio Marekani wanaona kila kitu kwa mkutano wa video. Stima ikapotea. Jenereta ikanguruma, laptopu ikawaka, nikatulia. Kumbe kamera ya bandia haikuamka. Nilidhani ni waya wa USB, nikabadilisha waya mbili. Mzee mmoja ananiuliza kila baada ya sekunde thelathini, "Kijana, wameturudia?" Picha iliporudi mbuzi walikuwa wamehesabiwa na watu wako kwa chakula. Nililipwa nusu ya balansi, na siwezi lalamika.

Shida ilikuwa neno moja: v4l2loopback. Hiyo ndiyo moduli inayotengeneza kamera ya bandia, na nilikuwa nimezoea kuiita kwa mkono na modprobe kila asubuhi ya kazi. Mashine ikizima, imesahau.

Sasa, mbona waifai na flashi hazihitaji hiyo kelele yote? Kwa sababu ukichomeka kifaa, kinajitambulisha kwa keneli. udev inasoma kitambulisho chake na kuita moduli inayofanana nacho. Lakini kamera ya bandia si kifaa. Hakuna kitu umechomeka, kwa hivyo hakuna mtu wa kubisha mlango. Lazima wewe ndiye uiite.

Kuiita ni rahisi hadi inakera. Unaweka faili ndani ya /etc/modules-load.d/, jina lolote linaloishia na .conf, na ndani yake unaandika v4l2loopback. Basi. systemd itaisoma kila mashine ikiwaka. Kama unataka Chrome iione hiyo kamera, mstari wa options v4l2loopback exclusive_caps=1 unaenda faili nyingine, ndani ya /etc/modprobe.d/. Usiziweke pamoja, hiyo ya kwanza inataka majina tu. Na tafadhali, kuna msee wangu alitatua shida kama hii kwa kuandika paswadi yake ndani ya skripti ndiyo sudo isimsumbue. Bro.

Lakini hapa ndipo naachana na watu wa video za mafunzo, wale wanakwambia kopi hii orodha ya moduli kumi, pesti, riboti. Mimi nasema hapana. Moja, na uijue ni ya nini. Ile unit ya mifumo ya kompyuta niliyofanya kabla niache chuo ilichora keneli kama duara katikati, na sikuelewa maana yake hadi baadaye: chochote kinachoingia hapo ndani kina nguvu zote. Programu ya kawaida ikianguka, inaanguka peke yake. Moduli ikianguka inaweza kuangusha nyumba nzima.

Mnakumbuka 19 Julai 2024? CrowdStrike walituma apdeti mbovu, draiva yao ndani ya Windows ikaisoma, na Microsoft ikakadiria mashine milioni 8.5 ziliathirika. Kilichofanya iwe mbaya hivyo ni kwamba draiva yenyewe inaamka mashine ikiwaka. Unawasha, inaanguka, inajiwasha tena, inaanguka. Kwa mashine nyingi ilibidi mtu akae mbele yake, aingie kwa hali salama na afute faili kwa mkono.

Watu wa Valorant, sasa ni nyinyi. Vanguard ilikuja na hiyo gemu 2020, na draiva yake inaamka na kompyuta hata kama leo hauchezi. Ukiizima, lazima uriboti ndiyo ucheze tena. Sababu ya Riot naielewa: mwizi akiingia kwa keneli kabla ya mlinzi, mlinzi amechelewa. Sawa, ni hoja. Lakini mashine yenye kazi za wateja wangu siwezi weka mlinzi wa gemu kwa chumba cha kulala. Kama una kompyuta ya gemu pekee, wewe endelea.

Kitu napenda kwa Linux ni kwamba hiyo orodha ni maandishi. Naifungua, naisoma, nafuta mstari. Najua nani aliandika, ni mimi.

Haimaanishi utalala fofofo. Keneli ikipata apdeti, moduli ya nje kama hii lazima ijengwe upya, kazi ambayo DKMS hufanya yenyewe, na siku ingine inakwama. Secure Boot ikiwa imewashwa na moduli haijasainiwa kwa ufunguo mashine inaukubali, inakataliwa mlangoni. Mstari wako utakuwa pale, sawa kabisa, na kamera hakuna. Kwa hivyo zima uwashe siku moja kabla ya kazi, halafu uliza lsmod kama iko.

Jumamosi niko Thika, harusi. Nimeshazima na kuwasha mara tatu, na nimekopa betri.